Habari za Maneno ya Kiingereza ya Kulipuka kwa Hasira

Waingereza husifiwa na mataifa mengine, na wao wenyewe hujisifu, kwa utulivu wa moyo. Walakini mtu akifungua kamusi ya lugha yao atastaajabu kuona wingi wa maneno waliyo nayo ya kutaja hasira inapomtoka mtu ghafula. Liko neno la hasira ya mfalme na liko la hasira ya mtoto mchanga. Liko la mtu avimbaye akanyamaza, na la mtu arushaye vyombo ukutani. Wingi huu si anasa ya maneno. Kila neno lilizaliwa mahali pake na wakati wake, nalo limebeba maamuzi matatu: hasira hii yatoka wapi, ni ya nani, na je, aliye karibu yampasa asikilize au acheke? Nia yetu ni kuyafuata maneno hayo tangu asili yake, na kuonyesha jinsi lile swali la mwisho lilivyokua mpaka likayapita yale mawili ya kwanza.

Kazi hii ingalikuwa ngumu sana lau si kamusi kubwa ya Oxford. Mwaka 1857 chama cha wataalamu wa lugha mjini London kilikata shauri kukusanya maneno ya Kiingereza pamoja na ushuhuda wa maandiko, ili ijulikane kila neno lilianza kuandikwa lini na maana yake ikageuka lini. Mwaka 1879 kazi ilikabidhiwa James Murray, mwalimu wa shule, mzaliwa wa Scotland. Sehemu ya kwanza ikatoka mwaka 1884. Yeye mwenyewe akafa mwaka 1915, na kamusi ikatimia mwaka 1928. Faida yake kwetu ni hii, ya kuwa neno halielezwi kwa maana ya leo tu, bali hufuatwa kama mwindaji afuatavyo nyayo za mnyama, tangu kichakani alikotoka mpaka kisimani anapokunywa.

Basi tuanze na maneno ya kale. Neno "wrath", ambalo sisi twalifasiri ghadhabu, lilikuwamo katika Kiingereza kabla Wanormani hawajavuka bahari. Lina undugu na neno la kujinyonganyonga, kama afanyavyo mtu aliyeshikwa na msokoto wa tumbo. Ni neno zito; watafsiri wa Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 walilitumia mara nyingi kwa ghadhabu ya Mungu. Neno "anger", ambalo leo ndilo la kawaida kwa hasira, halikuwa la Waingereza kwanza. Lilikuja na watu wa Skandinavia, walioshambulia pwani za Uingereza katika karne ya 9, kisha wengi wao wakakaa, wakalima, wakaoa. Kwao "angr" ilikuwa huzuni na msiba. Waingereza walipolipokea, yapata mwaka 1200, walilitumia kwanza kwa maana hiyohiyo ya taabu, na maana ya hasira ikashika nafasi yake polepole. Mzizi wake wa kale zaidi ni kubanwa: Kilatini chasema "angere" kwa kukaba koo, na Kijerumani chasema "eng" kwa kitu chembamba. Mtu mwenye hasira, kwa wazee hao, alikuwa mtu aliyebanwa na jambo.

Msomaji asidhani ya kuwa hayo ni ya Ulaya peke yake. Neno letu hasira tulilipata kwa Waarabu, na kwao "hasra" ni majonzi na majuto, kite cha mtu aliyepotewa na kitu. Lilipofika kwetu likageuka kama lile la Waskandinavia lilivyogeuka kwa Waingereza: majonzi yakawa hasira. Mataifa mawili yasiyojuana, katika bahari mbili zilizo mbali, yaliona jambo moja, ya kwamba chini ya hasira pana kidonda. Hata leo twasema kwamba mtu ana uchungu, wala asikiaye hajui mara moja kama ni maumivu ama ni hasira, kwa kuwa mara nyingi ni yote mawili.

Mwaka 1066 Wanormani waliishinda Uingereza, na kwa muda wa karne tatu hivi lugha ya wakubwa ikawa Kifaransa. Kwa njia hiyo maneno mengine yakaingia. "Rage" latoka kwa neno la Kilatini "rabies", nalo ni kichaa cha mbwa. Kwa hiyo mtu aliyepandwa na hasira ya namna hii alifananishwa na mbwa mwenye povu mdomoni. "Fury" latoka kwa Furiae, miungu wa kike wa Warumi waliosadikiwa kuwaandama wauaji, hasa waliomwaga damu ya jamaa zao. Hapo twaona mabadiliko ya kwanza. Hasira si kidonda tena. Ni kitu kigeni kilichomwingia mtu kutoka nje, ugonjwa au pepo. Lakini bado ni kitu cha kuogopwa. Hakuna amchekaye mbwa mwenye kichaa.

Tena yakaja maneno ya matabibu. Kwa miaka zaidi ya elfu Ulaya ilifuata elimu ya Wayunani, hasa ya Hippocrates, na ya Galen aliyeishi katika karne ya 2. Walifundisha ya kuwa mwili una maji ya namna nne: damu, balghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Maji hayo yakilingana, mtu ni mzima. Mojawapo likizidi, tabia yake huelemea upande mmoja. Nyongo ya manjano ikizidi, mtu huwa mwepesi wa kukasirika. Ndiyo asili ya neno "choler", na Geoffrey Chaucer, aliyeandika mwishoni mwa karne ya 14, alipotaka kumwonyesha msimamizi wa shamba aliye mkali alimwita kwa neno hilo, akamfanya mwembamba. Katika mchezo mmoja wa Shakespeare mume amnyima mke wake chakula, akitoa udhuru ya kuwa nyama iliyoungua huzidisha nyongo hiyo. Nao waliotazama walielewa, kwa sababu ndivyo madaktari wao walivyosema. Bandama nayo ilishtakiwa, hata ikawa "spleen" ni jina la kiungo na jina la chuki pamoja.

Elimu hiyo ilifika pwani yetu pia, kwa njia ya Waarabu na Waajemi waliofasiri vitabu vya Galen. Neno letu safura ni lile la Kiarabu la nyongo ya manjano, na balghamu ni lile la Kiyunani lililopita katika kinywa cha Mwarabu. Basi tusemapo kwamba fulani amemtumbukia mwenzake nyongo, twanena karibu na walivyonena watu wa zamani za Chaucer.

Katika maneno ya matabibu hao moja lastahili kuangaliwa zaidi, nalo ni "temper". Kwa Kilatini kitenzi chake ni kuchanganya kwa kadiri, kama mtu achanganyavyo maji na divai, au mfua chuma akadirivyo moto na maji hata panga lisiwe laini wala lisivunjike. Basi "temper" ya mtu ilikuwa ulinganifu wa yale maji manne ndani yake. Aliyeutunza ulinganifu huo alikuwa mtulivu, na aliyeupoteza alikasirika. Ndiyo sababu Waingereza hata leo husema kwamba mtu mwenye hasira amepoteza "temper" yake. Lakini neno lililotajwa kila mara pamoja na hasira likaishia kuambukizwa. Kufika karne ya 19 watu walisema kwamba fulani ana "temper", wakimaanisha kwamba ni mkali. Neno la utulivu likawa neno la ghadhabu, nao wasemao hawatambui ya kuwa husema mambo mawili yanayopingana: aliyekasirika amepoteza "temper", na mwenye "temper" ndiye akasirikaye.

Mwaka 1628 William Harvey alichapisha kitabu chake kuonyesha kwamba damu huzunguka mwilini kwa kusukumwa na moyo, na elimu ya Galen ikaanza kuporomoka. Maneno yake hayakuporomoka. Neno "fit" lilikuwa limekwisha kutumika katika karne ya 16 kwa ugonjwa umshikao mtu ghafula na kumwachia, kama homa ya vipindi au kifafa. Likachukuliwa kwa hasira. Neno "paroxysm", ambalo kwa Kiyunani mzizi wake ni ukali wa kitu kilichonolewa, lilikuwa kilele cha homa. Nalo likachukuliwa kwa hasira. Tofauti na maneno ya kale ni hii. Mwenye "anger" ana sababu: amefiwa, amedhulumiwa, amebanwa. Mwenye "fit" hana sababu ila mwili wake. Homa haiulizwi kwa nini imekuja; hungojwa ipite.

Hapo ndipo mlango ulipofunguka kwa dharau. Kwa maana hasira ikiwa ni ugonjwa, swali lifuatalo ni: ni ugonjwa wa nani? Wayunani walikuwa wamesema zamani ya kwamba tumbo la uzazi, "hystera", ndilo lenye kuwasumbua wanawake kwa magonjwa ya ajabu. Katika karne ya 17 Waingereza walitoa katika neno hilo sifa ya "hysterical". Wakati huohuo watu walisadiki habari za "vapours", mivuke ipandayo kutoka tumboni hata kichwani, na maradhi haya yakahesabiwa kuwa ya mabibi wa nyumba kubwa. Mwanamke akilia, ni mivuke. Akipaza sauti, ni mivuke. Akimkataa mchumba aliyechaguliwa na baba yake, ni mivuke.

Katika kundi hili ndimo lilimotokea neno lijulikanalo kuliko yote, "tantrum". Laonekana mara ya kwanza katika barua ya mwaka 1714, likimtaja bibi mmoja, na papo hapo ile mivuke nayo yatajwa. Asili yake haijapatikana. Si Kilatini, si Kiyunani, si Kifaransa, na wenye kamusi wameliacha bila wazazi. Mwaka 1785 Francis Grose alipochapisha kamusi yake ya maneno ya watu wa kawaida alilitia humo, na mfano alioutoa ni wa mwanamke. Basi neno hili halikuanza kwa mtoto anayejibwaga chini sokoni, kama wengi wadhanivyo leo. Lilianza kwa mwanamke mzima. Baadaye ndipo lilipoteremka kwa watoto, likakaa huko. Na tangu lilipokaa huko, kumwambia mtu mzima kwamba ana "tantrum" ni kumvika kaptura ya mtoto.

Tukitaka kuona hasara ya mambo haya, tuwatazame wanawake wa Uingereza waliodai haki ya kupiga kura. Mwaka 1903 Emmeline Pankhurst na wenzake waliunda chama chao mjini Manchester. Maombi ya wanawake yalikuwa yamepelekwa Bungeni tangu karne iliyotangulia, bila kufanikiwa. Mwezi wa Machi mwaka 1912 watu wa chama hiki wakavunja madirisha ya maduka mjini London. Mwezi huohuo Sir Almroth Wright, daktari mwenye sifa kubwa, aliandika barua ndefu katika gazeti la The Times. Hakujishughulisha sana na dai lenyewe. Alieleza habari za akili za wanawake na kasoro za mwili wao, akalihesabu jambo lote kuwa la aina ya lile neno litokalo kwa "hystera". Dai lilikuwa la sheria, jibu likawa la hospitali. Mwaka 1918 wanawake wenye umri wa miaka 30 na zaidi, waliotimiza masharti fulani, walipewa kura. Mwaka 1928 wakapewa sawa na wanaume. Huo ndio mwaka ilipotimia ile kamusi kubwa.

Wa pili waliobebeshwa ni Waairishi. Patrick ni jina lipendwalo sana kwao, na kwa kifupi ni Paddy. Waingereza wakalifanya jina la kila Mwairishi, kwa dhihaka. Mwishoni mwa karne ya 19 jina hilo likaanza kutumika kwa kulipuka kwa hasira: mtoto wa Kiingereza akigaragara chini, mlezi wake alisema kwamba yumo katika "paddy". Maana yake ni kwamba Mwairishi hukasirika kwa tabia yake, kama mbuzi apigavyo pembe. Lakini tukumbuke ya kuwa kati ya mwaka 1845 na 1849 viazi viliharibika Ireland kwa ugonjwa, watu wapata milioni moja wakafa kwa njaa na maradhi, na wengine kama hao wakahama nchi, hali nafaka na ng'ombe wakiendelea kupakiwa katika merikebu kwenda Uingereza. Watu waliopatwa na hayo hawakuhitaji tabia ya pekee ili wakasirike. Neno "paddy" lilifuta njaa yote hiyo kwa silabi mbili, likaacha kelele tu.

Yafaa pia kulinganisha maneno mawili ya kigeni, kwa sababu yote mawili hutaja ghadhabu ya kuua. Neno "amok" ni la Wamalay. Mreno Duarte Barbosa, yapata mwaka 1516, aliandika habari za watu wa Java watokao njiani na kuua kila wamkutaye, na Waingereza wakalipokea neno hilo katika karne ya 17. Kwa Wamalay wenyewe neno hilo lilitumika pia kwa shambulio la askari vitani. Lakini madaktari wa Kiingereza waliofanya kazi huko katika karne ya 19 walilishughulikia kama maradhi ya taifa hilo. Neno "berserk" ni la wale Waskandinavia wa kale, nalo hutaja askari waliopigana kwa wazimu, labda kwa sababu walivaa ngozi za dubu. Walter Scott ndiye aliyelitia katika Kiingereza, katika hadithi yake ya mwaka 1822. Wasomaji wa Kiingereza walipolisoma waliona mashujaa wa zamani, watu wa mashairi na mapanga. Matendo ni karibu mamoja: mtu apoteza akili na kuua. Mmoja akapewa kitanda cha mgonjwa, na mwenzake akapewa hadithi.

Pamoja na hayo, karne ya 19 ilileta namna nyingine ya kunena, nayo ni ya mitambo. Wenye mashine za mvuke walijua ya kuwa mvuke usipotolewa kwa kadiri, chombo hupasuka. Basi watu wakasema kwamba mwenye hasira yampasa atoe mvuke. Huko Amerika ya Kaskazini, katika miaka ya 1840, walisema kwamba mwenye hasira ameruka kutoka mpinini, kama shoka lililolegea linavyomchomoka mkata miti. Umeme ulipoingia majumbani, mtu alikuwa ameunguza fyuzi. Na tangu katikati ya karne ya 20, walipojenga vinu vya nguvu za atomu, walipata neno "meltdown", kuyeyuka kwa kiini cha kinu. Ajali ya Three Mile Island nchini Marekani mwaka 1979 na ile ya Chernobyl mwaka 1986 zikalieneza, hata likatumika kwa watu. Mwaka 1988 huko Marekani likaandikwa neno la hasira ya wenye magari barabarani, "road rage". Sisi twaweza kuwaelewa, kwa kuwa neno letu kufoka ni la chungu kilichozidiwa na moto kikamwaga povu.

Maneno ya mitambo yana upole ambao yale ya mivuke hayana. Chombo kilichopasuka hakidharauliwi. Watu huuliza ni nani aliyezidisha moto. Ndiyo sababu wazazi wengi wenye watoto wa usonji, wasemao Kiingereza, hukataa mtoto wao asisemwe kwamba ana "tantrum", wakataka isemwe "meltdown". Hawagombani kwa ajili ya sauti ya neno. Neno la kwanza lasema kwamba mtoto ataka kitu na alia ili apewe. La pili lasema kwamba makelele, mwanga na msukosuko vimemzidi nguvu. Kwa la kwanza mtazamaji hukunja uso. Kwa la pili husogea na kumpisha. Wala si watoto hao peke yao. Mwaka 1931 Florence Goodenough, wa Chuo Kikuu cha Minnesota, alitoa kitabu juu ya hasira za watoto wadogo, baada ya wazazi kumwandikia siku kwa siku kila mlipuko wa watoto wao. Akaona ya kuwa hasira hizo huwa nyingi sana katika mwaka wa pili wa maisha, na huongezeka mtoto akiwa na njaa, au amechoka, au ni mgonjwa. Basi hata katika "tantrum" halisi, ya mtoto halisi, lile neno la kale la Waskandinavia lilikuwa na haki: chini yake pana taabu.

Limebaki neno moja, nalo ni kinyume cha hayo yote. Waingereza wana neno "indignation". Kilatini chake ni "dignus", mwenye kustahili. Na hasira hii ni ya mtu aonaye jambo lisilostahili kutendwa. Haichekwi. Haipelekwi kwa daktari. Katika karne ya 19 raia waliokutana hadharani kupinga uonevu waliuita mkutano wao kwa neno hilo, na magazeti yakauandika hivyo kwa heshima. Lakini tazama: heshima imo ndani ya neno lenyewe. Ili mtu asemwe kwamba ana "indignation", sharti kwanza ahesabiwe kuwa mtu astahiliye. Asiyehesabiwa hivyo, hata akikasirika kwa jambo lilelile na kwa kadiri ileile, hutafutiwa neno jingine.

Habari hii ilitufikia hata sisi wa Afrika ya Mashariki. Malalamiko ya Wakikuyu juu ya mashamba yao yalikuwa yameandikwa na kunenwa kwa miaka mingi. Jomo Kenyatta aliyaeleza kwa Kiingereza safi katika kitabu chake cha mwaka 1938. Mwezi wa Oktoba mwaka 1952 serikali ya Kenya ilitangaza hali ya hatari kwa ajili ya Mau Mau. Kisha mwaka 1954 serikali hiyo ikachapisha kitabu cha daktari J. C. Carothers, aliyepata kuisimamia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari mjini Nairobi, nacho kilizitafuta sababu za vita ile hasa katika akili na tabia za watu waliotoka katika mila zao. Hatusemi kwamba kila tendo la vita ile lilikuwa la haki. Damu nyingi ilimwagika, na nyingi ilikuwa ya Wakikuyu wenyewe. Twasema tu kwamba njia ni ileile ya Sir Almroth Wright: mtu ataja shamba, naye ajibiwa kwa habari za kichwa chake.

Basi sisi tufundishao na kufasiri lugha hizi mbili tuna wajibu wa namna mbili. Kwanza, mwanafunzi asifundishwe kwamba maneno haya yote ni hasira tu, na kwamba yatofautiana kwa ukubwa kama mitungi. Yatofautiana kwa hukumu. Akisoma katika kitabu cha historia kwamba umati ulishikwa na "hysteria", na wakubwa waliona "indignation", na aulize ni nani aliyeyagawa maneno hayo. Pili, tujichunguze wenyewe, maana nasi tunayo mizani yetu. Neno hamaki kwa asili ya Kiarabu ni la upumbavu. Mori twamsifia askari. Kiruu twampa yule tusiyetaka kumsikiliza. Na mke akidai haki yake twasema anadeka au amesusa. Wazee walisema kwamba hasira ni hasara, nao walisema kweli. Lakini walisema pia kwamba hasira za mkizi ni furaha ya mvuvi: samaki huyo huruka kwa ghadhabu akaanguka mwenyewe chomboni. Methali hii humwonya mkizi, nayo yatuonyesha na mvuvi pia, ambaye hupata faida mwenzake akiruka.

Kwa hiyo mfasiri akutapo neno la hasira na asiharakie kamusi. Aulize kwanza kama mwenye hasira ameumizwa, na kama ameumizwa, achague neno lisiloficha jeraha. Uchungu ni neno jema. Ghadhabu ni neno jema. Hasira yenyewe, kwa asili yake, ni neno jema. Yale mengine na yawekwe kwa wanaoyastahili, nao ni wachache kuliko tudhanivyo.